Jina la Mwavita, Kidole cha Cécilia

Siku ya kumi na sita ya eda, Mwavita alisikia jina lake likiitwa barabarani na hakutoka. Hakutoka kwa sababu mjane aliye edani hatoki, na pia kwa sababu alijua kwamba anayeita hamtaki yeye. Aliyeita alikuwa tarishi wa kampuni ya mgodi, anapita kijijini kwa baiskeli kuelekea kambi ya wafanyakazi, na mbele ya kila nyumba alitangaza bila kushuka: Mwavita, muke wa Bulaimu, anaitwa afike Kabambare siku ya Alhamisi, kwa Bwana Ajenti, asikose. Majirani waliutazama mlango wa Mwavita, kisha wakaitazama barabara ya kambi. Kijiji kizima, pale karibu na Lusangi, kilijua kwamba Mwavita wa kampuni ni mwingine.

Jua lilipopinda, huyo mwingine akaja. Alikuwa Cécilia, mke mdogo wa marehemu, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alipitia nyuma ya nyumba, akapiga hodi kwenye mlango wa jikoni, akaingia na kukaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Yaya, nimeitwa," alisema, kama anavyoitwa dada mkubwa. Kisha akajisahihisha. "Umeitwa."

"Nimesikia. Nani amekufa tena?"

"Hapana mutu. Ni ile mambo ya Bulaimu. Karani wa kambi amenieleza. Kuna sheria mupya: mutu akifa kwa kazi ya kampuni, kampuni inalipa mujane na watoto. Si zawadi, yaya. Ni haki. Lakini Bwana Ajenti anataka kuona mujane kwa macho yake, na apige kidole, na kile kidole kifanane na kile cha ndani ya buku. Kama mujane hafiki Alhamisi, karatasi zinarudi Kindu kwa wakubwa, wanaandika kama Bulaimu hakuwa na muke."

Mwavita alikuwa akichambua maharagwe. Mikono yake ilisimama.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi, na asicheke mtu. Kampuni iliyochimba mawe ya bati pale ilikubali mke mmoja tu kwa kila mfanyakazi: nyumba moja, posho moja, jina moja ndani ya buku. Bulaimu alikuwa na wake wawili, na kama waislamu wengi wa kambi ile hakuona sababu ya kuwasumbua wazungu na hesabu zake za nyumbani. Aliandikisha mke mkubwa, Mwavita, kama ilivyostahili. Lakini siku wafanyakazi walipoambiwa walete wake zao wapige kidole, Mwavita alikuwa na siku kumi na mbili tangu amzae Aziza, na mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Bulaimu hakutaka kukosa posho ya mwezi mzima kwa ajili ya siku ishirini na nane. "Kidole ni wino tu," alisema, "jina ndilo mutu." Akamchukua Cécilia, bi harusi wa juzi, akaenda naye, na Cécilia akabonyeza dole gumba lake la kulia chini ya jina la mke mwenzake.

Baada ya arobaini wangeweza kwenda kusahihisha. Kila mwezi walisema watakwenda. Cécilia akabaki kambini, akaitika jina la Mwavita kila Jumamosi posho ilipogawanywa. Mwavita alibaki kijijini na shamba na watoto wanne, na alipopeleka muhogo kambini alijulikana kama dada ya Bulaimu. Unga na mawese viligawanywa nusu kwa nusu, na kwa muda wa miaka mitano haikumuuma mtu. Halafu Ijumaa moja asubuhi ukingo wa shimo ukaporomoka, na Bulaimu alikuwa chini yake. Walimtoa saa tisa.

"Tuseme ukweli," alisema Mwavita. "Tuende wote wawili, tuseme: huyu iko na jina, huyu iko na kidole."

"Nilimuuliza karani kwa mfano, kama kwamba ni mutu mwingine. Akacheka. Akasema ule aliyekula posho kwa jina la mwenzake miaka mitano ni mwizi, na ule aliyemupa jina ni mwizi pia. Wote wanafungwa. Na wake wawili hawako ndani ya sheria, yaya. Kuna mumoja ao hapana."

Mwavita aliyasukuma maharagwe pembeni. Hakuna aliyemwambia maneno hayo kwa ubaya, na bado aliyasikia kama kofi. Alikuwa ameolewa na Bulaimu miaka kumi na minane. Alimfulia, alimzalia, alimzikia mama yake. Na leo, ili watoto wake wapate haki ya baba yao, ilibidi yeye asiwepo.

"Nitaenda mimi," alisema Cécilia. "Nitapiga kidole, watatoa feza, nitaleta hapa kwako yote. Halafu, yaya..." Alitoa karatasi iliyokunjwa kifuani. "Baba ameandika."

Mwavita hakujua kusoma, lakini alijua mwandiko wa Octave, baba wa Cécilia, kwa sababu barua ya kwanza aliyoandika, miaka mitano iliyopita, ilikuwa na mistari miwili tu na ilimliza Cécilia wiki nzima. Octave alikuwa mkristo wa zamani wa Kasongo, mtu wa kwenda misa kila siku, na binti yake alipokwenda kuwa mke wa pili wa mwislamu alisema hana binti tena.

"Anasema nirudi," alisema Cécilia, na uso wake ukafunguka. "Anasema mlango uko wazi mpaka Pasaka. Kuna Gaston, seremala wa misioni, muke wake alikufa. Gaston anakubali kunioa kanisani, hata hivi nilivyo. Nitapiga kidole Alhamisi, halafu nitaenda kwetu."

"Ni vizuri," Mwavita alisema, na alimaanisha. Lakini usiku ule, na usiku uliofuata, alilala macho wazi. Alimpenda Cécilia kama mdogo wake wa tumbo moja, na alimwogopa. Kabambare ni mbali, na barabara ya Kasongo inaanzia pale pale. Mtu mwenye feza mkononi na baba anayemwita, kitu gani kingemrudisha Lusangi? Mwavita alijichukia kwa wazo hilo na hakuweza kulifukuza.

* * *

Jumatatu alikuja Hemedi, mdogo wake Bulaimu, ambaye kwa desturi angeweza kumrithi mjane wa kaka yake. Hakuingia ndani, kwa heshima ya eda. Alisimama chini ya ukingo wa paa, akaongea na ukuta kwa sauti iliyotosha majirani watatu.

"Shemeji, mimi ndiye murizi. Nimekuja kuongea urizi wa kaka."

"Karibu. Unataka kurizi nani?"

"Ule mudogo."

"Na mimi?"

Hemedi alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anayeulizwa kama atabeba pia mawe ya jikoni. "Weye shemeji umekwisha komaa. Weye utabaki na watoto wako, utaheshimiwa. Ule mudogo ndiye iko na kidole."

Mwavita alishukuru kwamba ukuta ulikuwa kati yao. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwahi kumtaka Hemedi hata kwa ndoto mbaya, lakini kukataliwa hivyo, mchana, majirani wakitwanga pole pole ili wasikie, kulimchoma.

"Cécilia hatakutaka," alisema.

"Anitake, asinitake. Akikataa, Alhamisi mimi pia nitakuwa Kabambare. Wameita na ndugu wa mufu. Bwana Ajenti ataniuliza: Hemedi, huyu ndiye muke wa kaka yako Mwavita? Na mimi niko na mudomo, shemeji. Naweza kusema ni yeye. Naweza kusema siye."

"Ukisema siye, watoto wa kaka yako watakula nini?"

"Ndiyo maana nakuja kuongea mbele, kabla ya Alhamisi," alisema Hemedi kwa upole, kama kwamba ndiye aliyekuwa akiwatetea watoto. "Nikimurizi, feza inakaa ndani ya ukoo. Nyinyi wanawake hamuwezi kuikalisha."

Mwavita alihesabu. Kumkatalia Hemedi sasa kulikuwa kumtuma Kabambare akiwa na hasira. Kumkubalia kulikuwa kumuuza Cécilia.

"Tungoje Alhamisi ipite," alisema mwishoni. "Mambo ya urizi yanaongewa watu wakiwa wametulia."

"Sawa, shemeji. Alhamisi ipite." Aliondoka akiwa na furaha, na jirani mmoja akamkaribisha mihogo.

Jioni Mwavita alimtuma mtoto amwite Mwalimu Abdallah, aliyefundisha watoto Kurani na ndiye aliyemsomea Bulaimu kaburini. Mzee alikaa nje ya mlango, akasikiliza yote. Alisema mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja kubwa, lakini usiku alale chini ya paa la mumewe. Kabambare na kurudi ni safari ya siku tatu.

"Cécilia ni mukristo, hana eda yetu," alisema. "Aende yeye. Wewe ukae."

"Nilikaa mara ya kwanza, Mwalimu. Wakati wa arobaini nilikaa ndani, na ona jina langu lilivyotembea bila mimi. Sitakaa mara ya pili."

"Ni zambi, binti yangu."

"Basi Mungu ataniuliza mimi. Na mimi nitamuuliza yeye kidogo."

Mwalimu Abdallah alikohoa. Alipoinuka alimwambia, bila kumtazama, kwamba dada yake anakaa njiani, karibu na Kabambare, na ana kitanda cha wageni.

* * *

Waliondoka Jumatano alfajiri, wanawake wawili na Aziza, maana karatasi ya wito ilisema mjane aje na mtoto mdogo kuliko wote. Aziza alitembea, akabebwa na mama, akatembea tena, akabebwa na mama mudogo, Cécilia. Njia nzima walimfundisha.

"Bwana Ajenti akikuuliza mama yako ni nani, utasema nini?"

"Mama mudogo."

"Hapana! Usiseme mudogo. Utaonyesha Cécilia, utasema: mama yangu ni huyu."

"Na weye?"

"Mimi ni shangazi yako. Siku moja tu. Kesho kutwa ninarudi kuwa mama."

Aziza aliona huo ni mchezo mzuri sana. Alipofika kwa dada ya Mwalimu alimwita Mwavita shangazi mara sita kabla ya kulala, akicheka kila mara, na kila mara Mwavita alicheka pia.

Alhamisi asubuhi, kwenye kijito cha mwisho kabla ya Kabambare, walisimama kunawa. Mwavita alikuwa amevaa kitambaa cheusi cha msiba ambacho kampuni ilikitoa. Kilikuwa kimoja tu, kwa kuwa mjane kitabuni alikuwa mmoja, na Cécilia alipopewa kambini alimletea Mwavita siku ile ile. Sasa Mwavita alikivua, akampa Cécilia. Alisimama majini kwa shingo ya upande huku Cécilia akimfungulia kikapu na kumpa kitambaa chake mwenyewe, chenye maua makubwa ya njano, kitambaa cha kwendea harusini.

"Hakuna kingine, yaya," alisema Cécilia kwa aibu. "Kile cha kila siku kimelowa."

"Leta."

Alivaa maua. Mume wake alikuwa na siku ishirini na moja ardhini, na yeye akaingia Kabambare amevaa maua ya njano, akimfuata kwa nyuma msichana aliyevaa msiba wake. Wanawake waliokuwa wakichota maji walimpa pole Cécilia. Mmoja alimtazama Mwavita kutoka kichwani hadi miguuni, akatema mate pembeni.

* * *

Biro, ofisi ya kampuni, ilikuwa nyumba ya matofali yenye varanda, na benchi moja ambayo Hemedi alikuwa ameikalia tangu asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu safi. Alimsalimu Cécilia kwa jina la Mwavita, kwa sauti ya kusikika ndani, kuwaonyesha kwamba anajua kulitamka jina hilo na anajua pia kuliacha.

Waliitwa wakati jua liko kichwani. Bwana Ajenti alikuwa mzungu kijana mwenye shingo nyekundu, na karani wake, Emile, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, alisimama kando akiwa na buku la kampuni mkononi. Cécilia alisimama mbele ya meza na Aziza. Mwavita alibaki karibu na mlango.

"Jina?" aliuliza Emile.

"Mwavita."

"Muke wa nani?"

"Bulaimu. Marehemu."

"Miaka?"

Hilo hawakulipanga. Ndani ya buku Mwavita alikuwa na miaka thelathini na mmoja siku ile ya kidole. Cécilia alifungua mdomo, akaufunga.

"Hajui miaka yake," Mwavita alisema kutoka mlangoni. "Alizaliwa wakati wa vita, ile ya wabeba mizigo. Ndiyo maana anaitwa hivyo."

Bwana Ajenti alimtazama Cécilia, uso usio na kunyanzi hata moja. Akahesabu kitu kwa vidole. "Huyu? Vita ya kumi na ine? Na huyu anayesema ni nani?"

"Ni dada ya marehemu," alisema Cécilia haraka. "Wifi yangu."

Bwana Ajenti alisema kwa Kifaransa neno moja, na Emile akamgeukia Hemedi. "Wewe, ndugu wa mufu. Sogea. Unamujua huyu mwanamuke?"

"Namujua."

"Ndiye muke wa kaka yako, Mwavita, aliyeandikwa ndani ya buku?"

Hemedi alimtazama Cécilia, akatabasamu, akangoja, na kila mtu mle ndani isipokuwa mzungu alielewa anachongoja. Mwavita alihisi jasho likimtiririka chini ya maua ya njano. Ikiwa Cécilia angeinua uso na kumtukana, kama alivyozoea kumtukana kambini, basi, mambo yangekwisha. Lakini Cécilia aliinamisha kichwa. Aliinamisha kidogo tu, jinsi msichana anavyoinamisha mbele ya mchumba.

"Ni yeye," alisema Hemedi. "Wa kaka yangu kabisa."

"Kuna kitu hapa," Bwana Ajenti alisema kwa Kiswahili chake. Akaweka kalamu chini, akaegemea mbele hadi uso wake ukawa sawa na wa Aziza. "Wewe mutoto. Usiogope. Mama yako ni nani?"

Aziza alinyoosha mkono na kushika kitambaa cheusi. "Mama yangu ni huyu," alisema, wazi, kama alivyofundishwa. Kisha, kwa kuwa alitaka kuifanya kazi yake vizuri kuliko alivyoombwa, akageuka na kunyoosha kidole mlangoni. "Ule si mama yangu. Ule hata hatumujui sana."

Emile alicheka. Hata Bwana Ajenti alicheka, na mashaka yakamtoka usoni. Mwavita alicheka nao kwa sababu ilibidi. Ndani alikuwa analia, analia kabisa.

Kidole kilikuwa cha mwisho, na kilikuwa chepesi kuliko yote. Emile alifungua kisahani cha wino, akabonyeza dole gumba la Cécilia juu ya karatasi, na mzungu akaweka karatasi kando ya buku, akatoa kioo cha kukuzia, akalinganisha mistari mmoja mmoja. Kisha akaandika.

"Inafanana," alisema Emile. "Haki yako imekubaliwa, mama. Sasa sikiliza vizuri. Hii si feza ya kuchukua mara moja ukaenda kuila. Ni malipo ya kila miezi mitatu. Kila miezi mitatu utakuja hapa, wewe mwenyewe, upige kidole, upewe. Mpaka huyu mutoto atimize miaka kumi na sita. Mara ukikosa kuja, tunakata. Na siku utaolewa, tunakata."

Cécilia alitazama dole gumba lake.

"Na kurizi?" aliuliza Hemedi. "Kama ndugu wa mufu anamurizi, hiyo si kuoa, karani. Hiyo ni desturi."

Emile alimtafsiria Bwana Ajenti, na Bwana Ajenti hakuinua kichwa. "Ni kuolewa," alisema. "Tunakata."

Huzuni iliyompata Hemedi wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ile ya mazishi. Alikunjakunja kofia yake, akasema kwaheri kwa mzungu na weusi bila mpangilio, akakumbuka kwamba kuna mtu sokoni anamdai mbuzi. Walipotoka nje kanzu yake ilikuwa tayari inapinda kona.

* * *

Walikaa nyuma ya biro, mahali ambapo mtu haoni varanda. Aziza alipewa ndizi. Alikuwa ametangaza mara mbili kwamba alisema vizuri, na mara mbili Mwavita alimjibu ndiyo, ulisema vizuri sana.

Cécilia alikuwa akisugua dole gumba lake kwa jani. Wino haukutoka.

"Aziza iko na miaka mitano," alisema.

"Mitano na miezi minne."

"Kumi na mumoja, basi. Kasoro kidogo." Alisugua tena. "Nitakuwa na selasini na ine. Gaston hatangoja kumi na mumoja, yaya. Hatangoja hata mavuno."

Mwavita alikuwa amelala usiku ngapi akiogopa kwamba msichana huyu atakimbia na feza? Na msichana huyu angekimbia na nini? Alikuwa amekuja kutoa kidole mara moja, kama mtu anayemwazima jirani jembe, na sasa wamelichukua jembe na mkono.

"Sikujua," alisema Mwavita.

"Hata mimi sikujua. Karani wa kambi alisema watalipa. Hakusema wanalipa hivi." Cécilia alitupa jani. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti yake ilitulia kuliko kawaida. "Baba alisema mpaka Pasaka. Nikikosa Pasaka, mlango unafungwa, namujua. Nitakuwa mujane wa Bulaimu mpaka Aziza aote maziwa, na jina si langu, na watoto si wangu. Kambini wananitoa mwisho wa mwezi. Nitakaa kwako?"

"Kwangu ni kwako."

"Yaya, weye ndiye mukubwa. Nyumba ile ni yako, tangu naingia umenifundisha kila kitu, hata kusonga ugali ulinifundisha. Uniambie weye. Ukisema nenda, kesho ninashika njia ya Kasongo, na sitakuwa na moyo mubaya, na weye pia usiwe nao. Ukisema baki, ninabaki. Lakini useme weye. Mimi siwezi."

Mwavita alijua jibu la haki. Lilikuwa pale, mdomoni, neno fupi. Msichana alikuwa na miaka ishirini na mitatu na baba aliyefungua mlango. Alimpokelea Bulaimu posho yake, alimlipa Mwavita nusu ya kila kilo, miaka mitano, bila kuiba hata chumvi. Hakuwa na deni la mtu. Mwanamke mwenye moyo safi angemwambia nenda, na angemfungia na muhogo wa njiani.

Halafu alimtazama Aziza, aliyekuwa akilamba ganda la ndizi kwa ndani ili lisipotee. Nyumbani walikuwa watatu wengine. Mkubwa alikuwa amekwisha kuanza kuulizia kazi mle mle shimoni, kwa kampuni ile ile, na walimwambia arudi akiongeza urefu kidogo.

"Baki," alisema Mwavita.

Cécilia alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilikuwa gumu kulivumilia. Alionekana tu kama mtu aliyekuwa na tumaini dogo na hakujua analo mpaka lilipoondoka. Kisha akainuka, akakung'uta kitambaa cheusi, akamshika Aziza mkono, akaanza kutembea kuelekea njia ya Lusangi. Mwavita akawafuata kwa nyuma, hatua kumi, kumi na tano, kwa maana hakuwa na uso wa kwenda nao sambamba.